Mfereji Kwanza au Mbuga Kwanza? Ulinganisho kwa Mkimbiaji wa Taratibu Mashambani mwa Uingereza

Mifereji mingi ya Uingereza ilichimbwa kati ya miaka ya 1760 na miaka ya 1830 ili mashua zinazovutwa na farasi zisafirishe makaa ya mawe, vyombo vya udongo na bidhaa nyingine za viwanda, na baadhi yake ilipita kando kabisa ya mbuga ambazo makabaila wa zama hizo walizipamba kuzunguka majumba yao. Biashara ya mashua imekwisha na majumba mengi yamefunguliwa kwa umma, lakini ujirani ule umebaki, na anayependa kukimbia taratibu ananufaika nao: anapata njia ya mviringo ambayo nusu yake ni tambarare kando ya maji, na nusu ya pili ni nyasi, miti mikubwa na vilima. Katika kaunti ya Staffordshire, kwa mfano, mtu anaweza kutoka kijiji cha Great Haywood, akafuata mfereji wa Staffordshire and Worcestershire na kupita Tixall Wide, mahali ambapo mfereji umepanuliwa hata ukafanana na ziwa, akafika upande wa Milford, kisha akarudi kupitia mbuga ya Shugborough na kuvuka mto Trent kwa daraja la kale la Essex.

Wengi wanaopanga mzunguko wa namna hii huchagua kwa macho: upande upi una mandhari mazuri zaidi, na wapi pa kuegesha gari. Ninaona uchaguzi huo hauendi mbali, kwa sababu pande zote mbili hupendeza na zote mbili zina siku zake za tope. Linalotofautisha siku njema na siku ya kuchechemea ni ardhi ambayo mguu unakutana nayo ukiwa bado baridi, na ile unayokutana nayo ukiwa umechoka. Kwa hiyo nitalinganisha mfereji na mbuga kwa kipimo hicho, kisha nitafikia suala la mwelekeo, yaani ipi ianze na ipi imalizie.

Ardhi inavyoutendea mguu

Maji hayapandi mlima, na sababu hiyo moja inaeleza karibu kila kitu kuhusu njia ya mfereji. Wahandisi wa mwanzo, James Brindley akiwa mashuhuri kuliko wote, walipendelea kuuzungusha mfereji ubavuni mwa kilima kwa usawa uleule kuliko kukikata kilima chenyewe, ndiyo maana mifereji ya zamani hupindapinda kuliko barabara zinazoivuka. Mfereji wa Bridgewater, ambao sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1761, hauna lango hata moja la kupandishia mashua katika mkondo wake mkuu kati ya Manchester na Runcorn, na mfereji wa Union huko Scotland hufuata usawa mmoja kwa karibu kilomita 50 kutoka Edinburgh kuelekea Falkirk. Pale ambapo mwinuko haukuepukika, yalijengwa malango ya maji, yaani vyumba vyenye milango mbele na nyuma ambavyo hujazwa au kupunguzwa maji ili mashua ipande au ishuke mita mbili tatu kwa mkupuo. Na kando ya kila chumba njia ya miguu nayo hupanda kwa mwinuko mfupi, mkali, unaokwisha kabla pumzi haijakatika. Kwa kawaida malango hayo yako mbalimbali, lakini huko Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, yapo 29, yakipandisha maji mita 72 katika umbali wa takriban kilomita 3, na anayekwenda huko akiamini kwamba mfereji ni tambarare siku zote atakuwa amejipangia mazoezi ya kilima bila kukusudia. Ramani za Ordnance Survey huyaonyesha malango haya. Inafaa kuyahesabu kabla ya kufunga kamba za viatu.

Usawa huo ni nafuu kwa mapafu na mtihani kwa viungo. Mkimbiaji wa taratibu hupiga hatua 150 hadi 180 hivi kwa dakika, na katika dakika 30 kando ya mfereji hatua hizo zote karibu zinalingana: pembe ileile ya kifundo, urefu uleule wa hatua, mshindo uleule katika goti. Misuli inayofanya kazi haipumziki na ile inayolala haiamshwi. Tena njia hiyo mara nyingi huinama kidogo kuelekea majini, ama kwa kuwa ilijengwa hivyo ili maji ya mvua yatiririke, ama kwa kuwa ukingo umeliwa na mawimbi ya mashua, kiasi kwamba mguu wa upande wa maji hutua chini kidogo kuliko mwenzake. Kwa kilomita moja hutaligundua jambo hili. Kwa kilomita sita, nyonga na upande wa nje wa goti vitakukumbusha. Kuna mahali ambapo wajenzi wenyewe walikupunguzia adha hiyo bila kukufikiria: madaraja ya kuhamishia farasi, ambayo yanajulikana sana kwenye mfereji wa Macclesfield, yalijengwa kwa mzunguko wa pekee ili njia ihamie ng'ambo bila kamba kufunguliwa kutoka kwa mnyama, na ukishavuka, mguu uliokuwa wa chini unakuwa wa juu.

Chini ya madaraja ya kawaida ya matofali pana hadithi yake. Njia hubana hadi watu wawili hawawezi kupishana kwa raha, dari hushuka, mwanga hupungua ghafla, na sakafu huwa ya mawe au matofali yenye safu zilizoinuliwa kidogo ili kwato zisiteleze. Kwato zilishika vizuri. Soli ya mpira iliyolowa haishiki, na safu zile huikwaa ncha ya kiatu cha mtu aliyechoka kunyanyua miguu. Kwenye kona ya daraja utaona mifuo iliyochimbwa na kamba za kuvutia mashua, mmoja juu ya mwingine, mingine yenye kina cha kutosha kidole kuzama. Kupita hapo kwa mwendo wa kutembea hakumpunguzii mtu heshima.

Mbuga ni kinyume cha hayo yote. Mtindo uliopendwa katika karne ya 18, na ambao Lancelot Brown, aliyeishi kati ya mwaka 1716 na 1783 na kupewa jina la utani la Capability, aliueneza kuliko mtu mwingine yeyote, ulichukia mstari ulionyooka: ardhi ilikuwa sharti iinuke na kushuka kama mawimbi, miti isimame kwa makundi, na ziwa lijitokeze baada ya kona. Kwa jicho ni raha, na kwa mguu ni kazi isiyotabirika. Ukipanda, misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino hubeba mzigo mkubwa, ingawa mshindo wa kila hatua hupungua. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na hiyo ndiyo kazi inayoleta maumivu yale yanayofika kesho yake na kukomaa siku ya pili. Nyasi fupi zilizolishwa na kulungu na kondoo ni laini, hivyo goti hupata nafuu, lakini ulaini huohuo hunyonya nguvu, na chini yake pana alama za kwato zilizokauka, vichuguu vya fuko, matundu ya sungura na mizizi inayotokeza mita kadhaa kutoka kwenye shina. Misuli midogo inayozunguka kifundo hulazimika kusahihisha kila hatua. Mwenye vifundo imara atatoka mbugani akiwa na nguvu zaidi baada ya miezi michache kuliko mwenzake aliyebaki kando ya maji. Ambaye kifundo chake kimewahi kuteguka na hakijapona vizuri, anatafuta balaa.

Kama ningelazimika kuchagua ardhi moja tu kwa mtu mzima wa afya asiye na jeraha, ningechagua mbuga. Kwa anayeanza kabisa, anayerudi baada ya ugonjwa, au mwenye uzito unaoyaelemea magoti, ningeusikiliza kwanza mfereji, kwa sharti kwamba akimbie mara chache kwa wiki na asishawishike na wepesi wake.

Kupima mwendo

Ushawishi huo ndio udhaifu mkubwa wa mfereji. Njia ikiwa tambarare na imenyooka mbele yako, mwili hujiongezea kasi bila kuuliza. Ubaya huo una faida yake: hakuna mahali rahisi pa kujifunza mwendo sawa kuliko hapa. Madaraja ya mifereji yana namba, na mtu anaweza kujipangia kukimbia kwa nguvu kutoka daraja moja hadi jingine na kupumzika hadi la tatu, bila kutazama saa. Kando ya mfereji wa Trent and Mersey zimesimama nguzo za chuma, moja kwa kila maili, ambayo ni sawa na kilomita 1.6, na kila nguzo ina majina mawili, Shardlow upande mmoja na Preston Brook upande wa pili, pamoja na umbali uliobaki kufika huko; ukizijumlisha namba hizo mbili unapata 92 daima, kwa kuwa ndio umbali kwa maili kati ya sehemu hizo mbili. Mkimbiaji anayependa hesabu atapata burudani ya bure, na ambaye saa yake ya GPS imechanganyikiwa chini ya miti mizito au ndani ya bonde jembamba atapata ukweli uliokaa pale kwa zaidi ya karne moja.

Mbugani kipimo cha dakika kwa kilomita hakina maana, na ni afadhali kuificha saa chini ya mkono wa sweta. Muda unaopotea kwenye mwinuko haurudishwi wote na mteremko wa upande wa pili, hata kama miguu inashuka kwa furaha, na kwa hiyo mzunguko wenye vilima utakuwa wa polepole kuliko tambarare ya urefu uleule kwa juhudi ileile. Pumzi ndiyo kipimo: maadamu unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika, uko katika mwendo wa taratibu, ukianza kujibu kwa neno mojamoja, umevuka mpaka, na huenda ukalazimika kutembea hadi juu. Kutembea kwenye mwinuko mkali ni mbinu halali.

Mviringo, au kwenda na kurudi?

Watetezi wa njia ya mviringo husema kwamba haichoshi kwa kuwa hakuna mahali unapopaona mara mbili. Ni kweli, lakini faida hiyo ina gharama ambayo huonekana tu mambo yakiharibika. Anayekwenda na kurudi kando ya mfereji anaweza kugeuza wakati wowote, na umbali wa kurudi anaujua kwa hakika. Anayefuata mviringo, akishavuka nusu, hana njia ya mkato, na mguu ukianza kuuma kwenye kilomita ya tano kati ya nane, kusonga mbele na kurudi nyuma ni mateso yanayolingana. Kwa sababu hiyo, yeyote anayejaribu mguu uliotoka kwenye jeraha nisingempa mviringo, hata uwe mzuri namna gani. Aende kando ya maji kwa dakika kumi, ageuze, na aongeze wiki ijayo.

Mviringo una hatari nyingine ya kukatwa. Tarehe 1 Januari 2025, baada ya mvua kubwa, ukingo wa mfereji wa Bridgewater ulibomoka karibu na Dunham Massey, mojawapo ya sehemu zinazojulikana sana kwa ujirani wa mfereji na mbuga ya kulungu, na maji yakamwagika mashambani. Anayekwenda na kurudi akikuta njia imezibwa anageuka hapo alipo, ilhali aliyepanga mviringo analazimika kutafuta njia ya kuunganisha nusu mbili kwa barabara ya magari isiyo na ukingo wa waenda kwa miguu, na hiyo katika vijiji vya Uingereza ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa katika ulinganisho huu. Mifereji mingi ya England na Wales husimamiwa tangu mwaka 2012 na shirika la Canal & River Trust, lakini si yote, Bridgewater yenyewe ikiwa mfano, kwa hiyo taarifa za kufungwa kwa njia zitafutwe kwa msimamizi wa mfereji husika. Upande wa mbuga, nyingi zikiwa chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majumba na ardhi za kihistoria, taarifa muhimu ni saa za kufungua na kufunga malango, ambazo hubadilika kwa majira.

Kuhusu kutoka njiani kabla ya kumaliza, pande mbili hazilingani hata kidogo. Mfereji hukatizwa na madaraja mara kwa mara, na madaraja mengi yana ngazi au mwinuko wa kutokea barabarani, ambapo mtu anaweza kumpigia simu wa kumchukua na kumwambia namba ya daraja. Mbuga iliyozungushiwa ukuta au uzio wa kulungu inaweza kuwa na malango machache tu, na aliyeumia katikati yake ana safari ndefu ya kuchechemea kwenye nyasi kabla ya kufika popote penye gari.

Unaokutana nao, na majira

Njia ya mfereji ni nyembamba, na watu wote wanaitaka kwa wakati mmoja. Waendesha baiskeli hutokea nyuma. Waenda kwa miguu, wakiwemo wakimbiaji, ndio wanaotakiwa kupewa nafasi, lakini haki hiyo haimsaidii aliyeziba masikio kwa muziki asiisikie kengele. Wavuvi wa ndoano hukaa kimya na fimbo ndefu ambazo huzirudisha nyuma kwa kuzisukuma kukatiza njia nzima, na adabu ni kupunguza mwendo, kusubiri na kusema ahsante. Mahali pa kuegesha mashua pana vigingi vya chuma vilivyopigwa ardhini karibu na ukingo, vya kimo cha kukwaa kidole cha mguu, na kamba zinazotoka kwavyo. Ni heri kukimbia upande wa ndani, mbali na maji, hata pale ambapo ardhi ya nje inaonekana laini zaidi. Masika ya Uingereza, hasa Aprili na Mei, bata bukini hutamia na kulea vifaranga palepale kwenye nyasi za ukingoni, na dume lake hulinda njia kwa kishindo. Ukisimama, ukatembea kando pole pole bila kukimbia wala kumkodolea macho, mara nyingi atatosheka na kelele.

Kuanguka majini si jambo la kila siku, lakini lifikiriwe mara moja kisha liachwe. Mfereji wenyewe kwa kawaida hauna kina kirefu, mita moja na ushee katika sehemu nyingi, na tatizo kubwa ni baridi pamoja na tope la chini. Chumba cha lango la maji ndicho hatari ya kweli, kwa kuwa kina kirefu na kuta zilizosimama wima, na asivuke mtu juu ya milango yake ya mbao akiwa katika mwendo wa mbio, hasa ikiwa imelowa. Maji ya mifereji yanaweza kubeba vijidudu vya leptospirosisi kutoka kwenye mkojo wa panya, ugonjwa ambao wasomaji wa Tanzania wataukumbuka kwa jina la homa ya mgunda, kwa hiyo jeraha lililolowa maji hayo lioshwe vizuri mapema.

Mbugani jirani ni wanyama wakubwa zaidi. Kulungu waliozoea watu hutazama tu na kurudi kwenye nyasi, isipokuwa katika misimu miwili. Mwanzoni mwa majira ya joto majike huzaa na kuficha watoto kwenye majani marefu, na katika vuli, Oktoba ikiwa kilele chake, madume hupigania majike, hunguruma, na hayana subira na kiumbe kinachokuja mbio kuelekea kwao. Wasimamizi wa mbuga za kifalme za London, kama Richmond Park, hushauri watu wakae umbali wa angalau mita 50, na kwa mkimbiaji hiyo ina maana ya kubadili njia mapema, wakati kundi likiwa bado mbali, badala ya kutegemea kwamba wao watahama. Kati ya majira ya masika na vuli pana pia kupe, hasa kwenye majani marefu na kingo za msitu. Baadhi hubeba vijidudu vya ugonjwa wa Lyme, na kwa hiyo nyuma ya magoti, kinena na kiuno vikaguliwe jioni ileile. Kwa hili mfereji umeshinda bila ubishi, maana njia yake iliyokanyagwa haina majani marefu isipokuwa pembeni.

Majira ya baridi hubadilisha hesabu yote. Nyasi za mbuga hunyonya maji hadi kila hatua itoe mlio, na mabonde yake hugeuka madimbwi, ilhali njia ya mfereji iliyoshindiliwa kokoto hubaki ikipitika, ingawa sehemu zilizo chini ya miti hubaki tope tupu na matofali ya chini ya madaraja huweza kuganda barafu ambayo jua haliifikii. Desemba kaskazini mwa England jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kando ya mfereji wa mashambani hakuna taa. Njia tambarare isiyoonekana, yenye maji upande mmoja, si mahali pa kukimbia hata kwa tochi ya kichwani, isipokuwa unaijua hatua kwa hatua.

Viatu havihitaji maneno mengi. Kiatu cha barabarani chenye soli laini hufaa mfereji mkavu na huteleza mbugani. Kiatu chenye meno marefu hufaa mbuga na huyumba juu ya matofali yaliyolowa. Kwa mzunguko unaounganisha vyote viwili, meno mafupi na mengi ndiyo suluhu, na kama lazima ukosee upande mmoja, kosea kwa kupendelea mbuga.

Mwelekeo

Sasa mzunguko huohuo unaweza kukimbiwa kwa njia mbili, na hapa ndipo watu wengi hurusha sarafu bila sababu. Anayeanza na mfereji hupata kilomita kadhaa za kupasha mwili moto bila mshtuko: kano ya kisigino inaamka taratibu, pumzi inatulia, na anapofika mbugani misuli iko tayari kupanda. Mtu aliyewahi kuumwa kano hiyo asianze popote pengine. Lakini wengi hutumia nguvu nyingi mno katika nusu hiyo rahisi, na nusu ngumu huwakuta wamechoka, wakishuka miteremko kwa mapaja yaliyolegea na kukanyaga vichuguu kwa miguu isiyonyanyuka. Vifundo huteguka kwa urahisi zaidi wakati huo.

Anayeanza na mbuga hupanda akiwa baridi, na huo ndio udhaifu wake pekee mkubwa, nao una dawa: dakika kumi za kutembea haraka kabla ya kukimbia, na mwinuko wa kwanza upandwe kwa miguu. Baada ya hapo kila kitu kinamwendea vizuri. Ardhi inayotaka umakini anaikuta akili na miguu vikiwa vipya. Mbuga anaipita kabla ya saa ya kufunga malango. Na uchovu unapofika, unamkuta kwenye njia isiyo na mashimo, yenye namba za madaraja za kuhesabia na mahali pa kutokea kila baada ya muda mfupi. Kilomita za mwisho kando ya maji zinaweza kuchosha akili kwa kuwa mwisho unaonekana haukaribii, na tope la mbugani lililoganda kwenye soli hufanya matofali ya daraja la kwanza yateleze zaidi, kwa hiyo lipanguswe kwenye nyasi kabla ya kushuka mferejini. Nikipima yote, kwa mkimbiaji mwenye afya ninaona mbuga kwanza ndiyo chaguo bora.

Upepo unaweza kupindua uamuzi huo. Sehemu nyingi za Uingereza hupata upepo wa mara kwa mara kutoka kusini-magharibi, na mfereji unaokatiza mashamba ya wazi hauna kinga. Katika siku ya baridi yenye upepo mkali, kumalizia kwa kilomita nne dhidi ya upepo ukiwa umelowa jasho kunaupoza mwili kupita kiasi, na ni bora kuukabili mwanzoni ukiwa mkavu, hata kama hiyo inamaanisha kuanza na mfereji. Vilevile huko Great Haywood idadi ya watu ina usemi wake, kwa kuwa daraja la Essex lina upana wa takriban mita 1.2 tu, na mwisho wa wiki wenye jua huwa limejaa familia zinazopishana kwa kujibanza kwenye vijikona vilivyojengwa juu ya nguzo zake. Anayelivuka asubuhi mapema akielekea mbugani atalipata tupu, na anayelirudia mchana atalivuka kwa miguu, akisubiri zamu yake.

Anayerudia mzunguko mmoja wiki hata wiki ana sababu moja zaidi ya kufikiria, nayo ni ule mwinamo wa kuelekea majini. Mwelekeo usiobadilika hushusha mguu uleule kila mara, na baada ya miezi kadhaa maumivu ya upande mmoja wa nyonga hutafutiwa sababu kwenye viatu, kwenye umri, kwenye kiti cha ofisini. Akimbie mbuga kwanza katika mbio zake ndefu, na zile fupi za katikati ya wiki azifanye kinyume, akianza na mfereji polepole zaidi kuliko anavyojisikia, na vilima vya mwisho avipande akitembea.